Mhariri anafuta "yeye" zangu: kiwakilishi cha Kiswahili kimekaa wapi?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Ninaishi Kahawa West na hutafsiri vijitabu vya afya na manukuu ya filamu kutoka Kiingereza. Mhariri wangu kila mara hufuta 'yeye', 'wao', 'yake' na 'zao' nilizoandika, kisha hunirudishia kazi bila maelezo. Nilifundishwa kwamba kiwakilishi ni neno linalosimama badala ya nomino. Sasa akilifuta neno lenyewe, ni nini kinachobaki badala ya nomino? La pili: filamu za vijana wa hapa Nairobi zimejaa 'watu wenye walikuja' na 'kenye nasema'. Niandike hivyo, au nisahihishe? Aya niliyorudishiwa ni hii: 'Yeye alifungua macho yake. Yeye aliona daktari karibu na kitanda chake. Daktari alishika mkono wake na yeye alimwambia yeye kwamba yeye atapona.'"

Jibu:

Mwenzangu, mhariri wako yuko sahihi, ila angekueleza sababu. Anachokifuta kina kanuni, na ukiishika kanuni hiyo maneno hayo hutayaandika tena hata kabla kazi haijamfikia.

Nianze na aya yako. Mimi ningeiandika hivi: "Alifumbua macho, akamwona daktari kando ya kitanda. Daktari akamshika mkono, akamwambia atapona." "Yeye" zote tano zimeondoka, na "-ake" zote tatu pia, na hakuna msomaji, awe wa Kahawa West au wa Kisauni kule Mombasa, atakayeuliza nani alifumbua macho ya nani.

Habari hiyo imo ndani ya vitenzi. Ile a- ya "alifumbua" ndiyo nafsi ya tatu umoja. Kitenzi chetu chenye wakati hakisimami bila kiambishi cha aina hiyo: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- kwa watu, ki-, vi-, li-, ya-, i-, zi- na wenzao kwa ngeli nyingine, pa-, ku-, m- kwa mahali. Ukiandika "yeye alifumbua" umemtaja mtu yule yule mara mbili. Kiingereza hakina njia hiyo. Kitenzi chake cha wakati uliopita, ukiacha kile cha kuwa, kina sura moja kwa nafsi zote, kwa hiyo kisipotanguliwa na jina au kiwakilishi hujui nani alitenda. Wewe ulilichukua hitaji la lugha ile ukalileta katika lugha isiyokuwa nalo.

Wala usidhani Kiswahili ndicho kilichopotoka hapa. Mwanaisimu Matthew Dryer alilinganisha lugha 711 za dunia, aone kila moja humwonyesha vipi mtenda ambaye hakutajwa kwa jina. Lugha 437 humwonyesha kwa kiambishi kwenye kitenzi, kama sisi. Zile zinazolazimisha neno huru, kama Kiingereza, ni 82 tu. Tumezoea kuiona sarufi ya Kiingereza kuwa ndiyo kipimo cha kawaida, na kwa hesabu hii iko upande wa wachache.

Je, basi "yeye" lifutwe kila mahali? La. Mhariri anayefuta zote kwa kalamu moja ataharibu sentensi nyingine. Mimi huuliza swali moja tu: kitenzi hiki kimebeba nafsi, au hakikuibeba?

Kuna visivyoibeba. "Ni" na "si" havina nafsi. "Ni muuguzi" inaweza kuwa mimi, wewe au yule pale, ndiyo sababu tunasema "mimi ni muuguzi" na hakuna anayeona neno limezidi. Vivyo hivyo baada ya "kabla ya" na "baada ya": katika "baada ya yeye kuondoka", kitenzi "kuondoka" hakina nafasi ya kuingiza a-, kwa hiyo neno huru linabaki. Na kuna hu- ya mazoea, ambayo kwa mtafsiri wa mambo ya afya ni ya kuangaliwa sana. "Hunywa dawa asubuhi": nani? Hu- haisemi. Tena hu- nyingine, ya ukanushi wa nafsi ya pili, inafanana nayo kabisa. Kwa kitenzi cha Kibantu irabu ya mwisho hutusaidia, "hunywa" dhidi ya "hunywi". Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu. "Husahau dawa" ni mtu ambaye kila siku anasahau, au ni wewe ambaye husahau kamwe? Maandishi hayatakujibu. Kwenye kijitabu cha dawa sentensi kama hiyo ipe mtenda: "Wagonjwa wengi husahau dawa." Hapo mhariri akifuta, mrudishie wewe.

Halafu kuna kutofautisha watu wawili. "Mimi nililipa, yeye hakulipa." Ukifuta hapo umeiua sentensi. Lakini tazama jinsi simulizi za Kiswahili zinavyohama kutoka kwa mtenda mmoja hadi mwingine. Mara nyingi hazitumii "yeye" wala "wao", hutumia na- yenye urejeshi: "Mama akaendelea kusonga ugali, watoto nao wakalala." "Mvua ikapungua, jua nalo likachomoza." Hizo "nao" na "nalo" hazimo kwenye matini ya Kiingereza, hakuna neno linalomwita mtafsiri aziandike, kwa hiyo hakumbuki kuziandika. Mimi nikisoma tafsiri ndefu isiyo na "naye" hata moja, najua mtafsiri alikuwa anafuata neno kwa neno.

Neno "wewe" nalo lina uzito wake. Kondakta wa matatu pale Thika Road akimwuliza mama mtu mzima, "Mama, unashukia wapi?", hajamkosea, ingawa ile u- ni nafsi ya pili waziwazi. Akimwambia, "Wewe, unashukia wapi?", abiria watageuza shingo. Kiambishi hakina ukali, neno huru linao, na heshima tunaiweka kwenye "mama", "mzee", "baba". Kijitabu kinachosema "wewe unapaswa kunawa mikono" kinamsemesha mzee wa watu kama kondakta yule wa pili. "Unapaswa kunawa mikono" inatosha, na kwa umati "naweni mikono" au "mnawe mikono".

Sasa tuje kwenye "macho yake", "mkono wake", "kitanda chake".

Katika Kiswahili viungo vya mwili humfuata mwenyewe bila kumilikishwa. Tunasema "amevunjika mguu", "alinawa mikono", "kichwa kinaniuma". Mtu akifumbua macho, ni yake. Mtu mwingine anapokugusa kiungo, anayeingia kwenye kitenzi ni wewe mwenye kiungo, na kiungo kinafuata: alimshika mkono, walimkata nywele, nyoka alimuuma kidole. "Daktari alishika mkono wake" ni sentensi ya kisarufi kabisa, ila msomaji wa Kiswahili akiisoma haraka ataona daktari ameushika mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo kosa ambalo mhariri wako amekuokoa nalo, na ni kubwa kuliko lile la "yeye", kwa sababu "yeye" ya ziada inachosha tu, na hii inageuza maana. Kitanda nacho hakikuhitaji mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa amelala juu yake.

Kuhusu "zao", kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba -ao ni ya wenye uhai. Vitu, hata vikiwa vingi, huchukua -ake: "miti na matawi yake", "dawa na madhara yake". Ukitafsiri kifungu kuhusu dawa kadhaa ukaandika "madhara yao", umezifanya dawa kuwa watu.

Limebaki "aliona daktari". Nairobi utasikia kila siku "niliona Njoroge jana", hata "niliambia yeye". Kiswahili sanifu kinadai mtendwa ambaye ni mtu fulani anayejulikana aingie kwenye kitenzi: nilimwona Njoroge, nilimwambia. Kwa vitu kuna uhuru zaidi, na uhuru huo una maana. "Nilisoma kitabu" ni kitabu chochote. "Nilikisoma kitabu" ni kile ambacho mimi na wewe tunakijua. Kiswahili hakina kile kineno ambacho Kiingereza huweka mbele ya nomino kuonyesha kwamba inajulikana. Hiyo -ki- hufanya sehemu ya kazi hiyo, na mtafsiri mwenye sikio huitumia.

Hapa ndipo swali lako la kwanza linapokuwa zito, na nimefurahi uliliuliza, maana wanaisimu wamelijadili kwa miaka mingi. Je, a- na -m- ni viwakilishi, au ni alama za upatanisho tu? Shuleni huitwa viwakilishi viambata au viwakilishi tegemezi, kisha mjadala hufungwa. Mwaka wa 1987 wanaisimu Joan Bresnan na Sam Mchombo walichapisha uchambuzi wa Kichewa, lugha ya Kibantu ya Malawi na nchi jirani. Walionyesha kwamba kiambishi cha mtenda hufanya kazi mbili: nomino ikiwapo karibu yake, kinapatana nayo, isipokuwapo, kiambishi chenyewe ndicho kiwakilishi. Kiambishi cha mtendwa cha Kichewa, walisema, ni kiwakilishi siku zote.

Kiswahili kinakaaje kwenye mizani hiyo? Jaribu mwenyewe kwa maswali. "Nani anaita?" Mtenda wa sentensi ni "nani", kwa hiyo a- haiwezi kuwa badala yake, hapo inapatana tu. Ondoa "nani", sema "anaita", na a- imekuwa kiwakilishi. Hadi hapo tuko sawa na Kichewa. Sasa uliza kuhusu mtendwa. "Umemwona nani?" Sentensi safi, kila mtu anaisema. "Umeona nini?" Safi pia. "Umekiona nini?" Sikio linakataa. Kama -m- na -ki- zingekuwa kitu kimoja, zingekubaliwa pamoja au zingekataliwa pamoja. Kumbe -m- ya watu imekwisha kusogea upande wa upatanisho, hata neno "nani" halikatai kukaa nayo, ilhali -ki- ya vitu bado ni kiwakilishi kwa sehemu kubwa. Kiambishi cha nafasi ile ile kwenye kitenzi, tabia mbili, na kinachozitenganisha ni uhai wa kinachotajwa. Katika sarufi yote ya Kiswahili sijui jambo linalonivutia kuliko hili.

Kwa hiyo "yeye" ikifutwa, kinachosimama badala ya nomino ni a-.

Ile fasili ya shuleni, "neno linalosimama badala ya nomino", tumeirithi kutoka kwa wanasarufi wa Kigiriki wa kale. Inafaa nafsi ya tatu, ila kwa "mimi" na "wewe" inakwama. Weka jina la msemaji badala ya "mimi" katika "mimi nimechoka" uone: "Wanjiku nimechoka" haisemeki mpaka uichukulie kuwa mimi Wanjiku. Utangulizi wa Katiba yetu ya 2010 unaanza kwa kusema "Sisi, watu wa Kenya", na nomino imekaa kando ya kiwakilishi, haikubadilishana nacho nafasi. Apollonius Dyscolus, mwanasarufi wa Alexandria katika karne ya 2, alikwisha kuona kwamba viwakilishi vina kazi mbili, kuonyesha kilichopo mbele ya wasemaji na kurejelea kilichotajwa. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste akalisukuma mbele mwaka wa 1956: "mimi" ni yule anayesema "mimi" wakati huo anaposema, na "wewe" ni yule anayeambiwa, nafsi ya tatu ni kitu cha aina nyingine, haimo kwenye mazungumzo. Kwenye manukuu ya filamu jambo hili unaliona wazi. Msemaji akibadilika, "mimi" imehamia mtu mwingine, na mtazamaji hapotei hata sekunde. "A-" ndiyo humpoteza.

Na humpoteza kweli, kwa sababu a- haina jinsia. Kwa mazungumzo ya mume na mke, Kiingereza kitatenganisha kila kauli kwa viwakilishi viwili tofauti. Kiswahili kitasema "akasema" na "akajibu" mpaka mwisho, na kurudisha "yeye" hakusaidii, maana "yeye" nayo haina jinsia. Tumia nomino: mume akasema, mke akajibu, mama yule akanyamaza, kijana akainuka. Hapa lugha inataka jina lirudi, lirudishe bila woga.

Lakini utata mbaya zaidi ni ule wa watu wawili wa nafsi ya tatu ndani ya sentensi moja. "Daktari alimwambia mgonjwa kwamba atakuja kesho." Nani atakuja? Kwenye riwaya ni usumbufu mdogo. Kwenye karatasi ya kliniki, mgonjwa mmoja atakaa nyumbani akimngoja daktari. Ewe, lugha ya Ghana na Togo, ina kiwakilishi maalumu cha kuonyesha kwamba anayetajwa ndani ya kauli ni yule yule aliyeitoa. Mwanaisimu Claude Hagège ndiye aliyeiletea aina hiyo ya viwakilishi jina lake la kiisimu, mwaka wa 1974. Sisi hatuna kiwakilishi hicho, ila tuna umbo la kitenzi. "Daktari alimwambia mgonjwa aje kesho": anayekuja ni mgonjwa, kwa sababu -e ya kuagiza inamwangukia aliyeambiwa. "Daktari alimwahidi mgonjwa kuja kesho": anayekuja ni daktari, kwa sababu "kuja" haina nafsi yake, inachukua ya aliyeahidi. Sentensi mbili fupi, hakuna "yeye", hakuna utata. Katika aya yako "atapona" nimeiacha, kwa kuwa aliyelala kitandani ndiye wa kupona.

Kuna utata mwingine ambao Kiswahili hakiutatui kwa umbo lolote. "Tunahitaji kuchanjwa": je, sisi wahudumu, au sisi sote pamoja na wewe unayesoma? Kimalagasi, lugha ya Madagaska na jirani yetu wa Bahari ya Hindi, kina maneno mawili, "isika" inayomjumuisha anayeambiwa na "izahay" inayomwacha nje. Kiswahili kina "sisi" moja. Ongeza "sote" au "wahudumu" na maana itatulia.

Kabla sijafika kwa "wenye" na "kenye", lazima nikuonyeshe -o, kwa kuwa kazi yake ndiyo maneno hayo yameichukua. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, aliieleza kuwa o ya urejeleo, na tangu hapo wengi wamefuata njia hiyo. Chukua ngeli ya KI-VI. Ile -cho iliyo ki- pamoja na -o inatokea katika "hicho", "nacho", "ndicho", "ambacho", "kinachouzwa", "chochote". Ukiyatazama mbali mbali ni maneno sita ya kukariri. Ukiyatazama pamoja ni kipande kimoja kinachosema "kile tulichokwisha kukitaja" na kinachobandikwa pale kinapohitajika. Kwa mtu mmoja huwa -ye: naye, ndiye, ambaye, yeyote. Mwanafunzi akiiona -o hiyo, nusu ya viwakilishi vyake vimekwisha kupangika.

Methali zetu zinaionyesha vizuri kuliko zoezi lolote la darasani. "Usilolijua ni kama usiku wa giza." Neno la kwanza pekee lina viwakilishi vitatu: u- ni wewe, -lo- ni jambo linalorejelewa, -li- ni jambo hilo hilo likiwa mtendwa wa kujua. Nomino "jambo" haikutajwa popote. Au "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu": asiye- ni mtu yeyote, "la" ni neno la mkuu ambalo "neno" lake limeachwa, na guu limevunjika bila "lake". Mhariri wako angeipenda.

Sasa Nairobi. "Watu wenye walikuja" inafanya nini? Katika Kiswahili sanifu -enye ni ya kumiliki au kuwa na kitu: mwenye duka, nyumba yenye bati. Hapa mjini imechukua kazi ya -o rejeshi. Inaitoa rejeshi nje ya kitenzi na kuiweka kwenye neno huru mbele yake, kisha kitenzi kinabaki na umbo lake la kila siku: watu wenye walikuja, gari yenye ilinigonga, venye ulisema, kenye nasema. Amba- inafanya jambo hilo hilo: watu ambao walikuja. Na kuna sababu ya watu kuikimbia rejeshi ya ndani. Inakubali -na-, -li-, -taka- na -si- peke yake, au kitenzi kisicho na wakati kama "asomaye". Ukifika kwenye -me- inakataa, huwezi kusema "ameyeugua", lazima "ambaye ameugua". Neno huru halina kizuizi hicho, linakaa na wakati wowote. Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema vijana wa Eastlands hawana sarufi. Wana kanuni moja, na wanaifuata kwa uthabiti.

Kwa vijitabu, andika rejeshi sanifu: "wagonjwa wanaotumia dawa hizi", "mtoto ambaye amepata chanjo". Kijitabu hicho kitasomwa Garissa na Kwale pia, na huko "wenye wanatumia" itamfanya msomaji asimame kuitafakari.

Kwa manukuu, mfuate anayesema. Mhusika ambaye ni mtangazaji wa habari au kadhi hatasema "wenye walikuja", na ukimwandikia hivyo umempotosha. Kijana wa Umoja anayezungumza na wenzake atasema, na ukimwandikia "waliokuja" umempa mdomo wa mwalimu mkuu. Najua kwenye manukuu mnahesabu nafasi: "waliokuja" ni herufi 9, "wenye walikuja" ni 14 pamoja na nafasi, na mstari ukibana utatamani ile fupi. Punguza kwingine. Ondoa "mimi" na "yeye" zisizo na mkazo kwanza, hizo ndizo zinazokula mstari. "Kenye nasema" na "ninachosema" zimepishana kwa herufi moja tu, kwa hiyo hapo huna sababu ya kumsahihisha. Ila ukishamwandikia "kenye" katika onyesho la kwanza, mwandikie hivyo mpaka filamu iishe, isipokuwa pale anapozungumza na mamake au na polisi, akabadilisha mwenyewe.